Maswali Yenu: Vichujio vya Barua Pepe na Kikasha Kilichofurika

Tuliomba maswali kuhusu barua pepe, na karibu kila aliyeandika alitaka jambo moja: tumfundishe kupanga folda. Tumejibu sita. Folda zenyewe ndiyo sehemu rahisi. Shida huanza pale barua inapopangwa vizuri mno hadi mwenyewe asiione.

Hamjambo wahariri. Nina duka la vipuri vya magari Kirinyaga Road, Nairobi. Gmail yangu ni moja tu: oda za mafundi, ankara za wauzaji, benki, KRA (mamlaka ya kodi) na matangazo ya kila aina. Barua ambazo sijafungua zimepita elfu sita. Nimeunda folda ishirini na mbili, na bado oda ya klachi ilinipita wiki nzima. Nianzie wapi?
*Mwenye duka, katikati ya jiji*

Hatujambo, ndugu. Anza kwa kupunguza folda. Nne zinakutosha.

Kwanza, Gmail haina folda. Ina lebo, na tofauti yake ni kubwa. Folda ni kama droo: karatasi ikiwa humu haiwezi kuwa mle. Lebo ni kibandiko. Barua moja inaweza kubandikwa “Ankara” na “Klachi” kwa pamoja, na hata “Kikasha” chenyewe ni kibandiko tu. Ukiibandua lebo, barua inabaki. Ukiifuta barua yenyewe, imetoka chini ya lebo zote, inakwenda kwenye pipa na kukaa humo siku 30, kisha basi. Wengi hufuta barua wakidhani wanafuta nakala.

Katika kuchagua lebo, usijiulize “barua hii inahusu nini?” Jiulize aliyeiandika anaweza kusubiri kiasi gani. Mteja hawezi. Muuzaji anaweza hadi jioni. Tangazo la matairi linaweza kusubiri hadi Ijumaa, au milele. Kwa hiyo: Oda, Ankara, Serikali, Baadaye. Oda zipate lebo lakini zibaki kwenye kikasha. Oda yako ya klachi, tunavyokisia, ilikuwa imelala ndani ya droo ya kumi na saba.

Sasa vichujio, yaani amri zinazopanga barua zenyewe zinapofika. Programu ya Gmail ya simuni haiwezi kutengeneza kichujio, kwa hiyo usipoteze muda ukikitafuta huko. Tumia kompyuta. Ukikosa, fungua mail.google.com ndani ya kivinjari cha simu, bonyeza vitone vitatu vya kivinjari na uchague kuona tovuti kama ya kompyuta. Maandishi yatakuwa madogo kama mtama, lakini kazi itafanyika. Ukienda saiba, tumia dirisha la faragha na utoke kwenye akaunti kabla hujainuka.

Mwisho wa kulia wa kisanduku cha kutafutia kuna alama ya vijistari vyenye vitufe. Ibonyeze, fomu itashuka. Kwenye nafasi ya mtumaji andika @kra.go.ke. Kabla ya kuunda kichujio, bonyeza kwanza kitufe cha kutafuta uone kinacholetwa. Hapa ndipo watu huteleza: wanaunda kichujio bila kujaribu, kisha wanashangaa nusu ya barua zao imehama. Ukiridhika na matokeo, rudi kwenye fomu, bonyeza kuunda kichujio, uchague lebo ya Serikali. Chini kabisa kuna kisanduku cha kukitumia kichujio hata kwa barua zilizokwisha kufika. Usipokitia tiki, kichujio kitagusa barua mpya pekee, nawe utadhani hakifanyi kazi.

Usichuje kwa jina tupu “KRA”. Jina linaloonekana juu ya barua, mtumaji hujiandikia mwenyewe, hata awe tapeli wa kurudisha kodi hewa. Na kile kisanduku kinachosema barua isipelekwe kamwe kwenye taka, kitie tiki kwa anwani kamili za watu unaowajua tu. Ukikichanganya na jina tupu, umempa tapeli pasi ya mlangoni.

Kwa wauzaji, weka anwani zote kwenye kichujio kimoja: anwani ya kwanza, neno OR kwa herufi kubwa, anwani ya pili, OR, ya tatu. Ukiandika “or” kwa herufi ndogo, Gmail inalitafuta kama neno la kawaida na kichujio hakishiki kitu.

Matangazo yana alama yake: barua nyingi za jumla huwa na neno “unsubscribe” chini kabisa. Liandike kwenye nafasi ya maneno yaliyomo, kisha uamuru barua ziruke kikasha na zipewe lebo ya Baadaye. Lakini taarifa za benki na risiti za mtandaoni nazo mara nyingine huwa na neno hilo, kwa hiyo anwani za benki na za wauzaji wako ziondoe: kwenye nafasi ya maneno yaliyomo, baada ya neno lile, ongeza alama ya kutoa ikifuatwa na from: na anwani, bila kuacha nafasi, kwa mfano -from:anwani. Usiziamuru zijitie alama ya kusomwa. Ile namba inayopanda kando ya lebo ndiyo itakayokukumbusha kupitia.

Zile elfu sita? Usizisome. Andika kwenye kisanduku cha kutafutia in:inbox older_than:6m (m ni mwezi, y ni mwaka, d ni siku). Tia tiki kisanduku cha juu kabisa cha orodha. Hapo umechagua 50 tu za ukurasa huo. Juu yake utatokea mstari unaouliza kama unataka mazungumzo yote yanayolingana na utafutaji. Ubonyeze, kisha hifadhi kwenye kumbukumbu (archive): zitoke kikashani bila kufutwa. Usifute: Sheria ya Taratibu za Kodi ya Kenya ya mwaka 2015 inataka rekodi za biashara zitunzwe miaka 5, na ankara iliyokuja kwa barua pepe ni rekodi. Kama nafasi ya GB 15, ambayo Gmail inagawana na Drive na Photos, inakaribia kujaa, andika larger:10M na uanze kufuta video za matangazo.

Lebo ya Serikali ipe rangi nyekundu. PAYE (kodi ya mishahara) ni tarehe 9, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ni tarehe 20, na tarehe hizo hazijali barua imejificha wapi.

Nimefuata maelezo ya mtandaoni nikaweka barua za mwajiri kwenye lebo yake. Tangu siku hiyo simu hainiarifu barua zake zikifika. Simu ni mbovu?
*Msomaji, Umoja*

Simu ni nzima. Huarifu kuhusu kikasha tu, na wewe umeamuru barua zikiruke. Njia fupi ni kuondoa tiki hiyo: lebo ibaki, barua zirudi kikashani.

Ukitaka ziendelee kuruka, na simu yako ni ya Android, fungua Gmail, mistari mitatu, Mipangilio, akaunti yako, sehemu ya kusimamia lebo, kisha lebo ya mwajiri. Kwanza washa usawazishaji wa siku 30. Bila huo, kitufe cha arifa kitakuwa kijivu na hakibonyezeki, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Kisha washa arifa.

Mimi ni karani wa shule ya kibinafsi. Wazazi hutumia anwani moja kwa risiti za karo, maombi ya nafasi na malalamiko. Kwenye mada wengine hawaandiki kitu, wengine wanaandika “Hello”. Nitachuja nini hapo?
*Karani, Kayole*

Dada, ukichuja mada utakesha. Chuja anwani waliyoandikia.

Gmail inakubali alama ya kujumlisha baada ya jina. Ikiwa anwani ni jinalashule@gmail.com, basi jinalashule+karo@gmail.com na jinalashule+nafasi@gmail.com zote zinafika kwako bila kusajili chochote. Ile ya karo ichapishe kwenye karatasi ya karo ya muhula, ile ya nafasi kwenye tangazo la lango. Kisha tengeneza kichujio ukijaza nafasi ya mpokeaji, si ya mtumaji.

Dosari zake ni mbili. Mzazi akisomewa anwani kwa simu ataandika neno “plus” badala ya alama, na barua haitafika kwako. Basi mtumie kwa ujumbe mfupi aibonyeze. Pili, wapo watakaoendelea na anwani ya zamani kwa sababu simu yao inaijaza yenyewe. Kwa hao tengeneza kichujio cha ziada: maneno yaliyomo yawe karo OR fees OR slip, na tiki ya kuwa na kiambatisho. Usitegemee kichujio kusoma picha ya risiti iliyopigwa juu ya meza ya jikoni. Kinachosomeka kwa uhakika ni maandishi ya barua.

Kichujio cha karo kinaweza pia kujibu chenyewe. Kwenye mipangilio ya juu (Advanced) washa violezo (Templates), andika kiolezo kifupi (“Tumepokea. Tafadhali tuma namba ya usajili ya mwanafunzi na darasa lake”), kisha ukichague kwenye hatua za kichujio. Kifunge kwa ile anwani ya +karo peke yake. Kikijibu kila barua yenye neno “fees”, kitaanza kubishana na mashine ya benki.

Ofisini tunatumia barua pepe za kikoa chetu cha .co.ke. Nimeunda folda za wateja kwenye laptopu, lakini hazionekani kwenye simu wala kwenye ukurasa wa wavuti. Mwenzangu naye anasema barua zikishasomwa kwenye laptopu hazipo tena kwenye seva.
*Mhasibu, Industrial Area*

Malalamiko mawili, chanzo kimoja. Laptopu imeunganishwa kwa POP. POP hushusha barua na, programu ikiwa imepangwa hivyo, huzifuta kwenye seva. Folda ulizounda zipo ndani ya diski ya laptopu hiyo tu. Ikiibwa kwenye matatu, zimekwenda nayo. Mnachotaka ni IMAP, ambapo folda zinakaa kwenye seva na kila kifaa huzisoma kutoka huko. Fungua mipangilio ya seva ya kupokea: mlango (port) 995 ni POP, 993 ni IMAP.

Usibadilishe akaunti iliyopo. Ongeza akaunti ileile mara ya pili, sasa kwa IMAP, zikae sambamba. Kabla ya kuhamisha, muulize anayewahifadhia tovuti kila sanduku lina nafasi kiasi gani. Laptopu ikiwa na GB 6 na sanduku likiwa la GB 1, uhamisho utakwama katikati na barua mpya zitaanza kurudishwa kwa watumaji. Nafasi ikitosha, nakili barua kutoka folda za zamani kwenda mpya, mia mbili mia mbili, ukihakikisha kila fungu limeonekana kwenye ukurasa wa wavuti kabla ya kuendelea. Akaunti ya POP iondoe mwisho, baada ya kuweka nakala pembeni.

Folda ikiwa kwenye seva na bado simu haiioni, huenda haijasajiliwa. Kwenye Roundcube, kama ndio ukurasa wenu wa wavuti wa barua, nenda Mipangilio, Folda, na utie tiki mbele ya jina lake. Ni kijitiki kidogo kilichowasumbua wengi.

Vichujio navyo viwekwe kwenye seva. Kichujio kilichoandikwa ndani ya Thunderbird, programu ya barua ya kompyuta, hufanya kazi Thunderbird ikiwa wazi tu. Umeme ukikatika au laptopu ikilala, simu yako inamwagiwa kila kitu. Kwenye cPanel, ukurasa wa kusimamia tovuti na barua zake, ingia sehemu ya vichujio vya barua pepe, chagua sanduku lako, kigezo kiwe mtumaji “ana” anwani fulani, na hatua iwe kupeleka kwenye folda. Katika orodha hiyo ya hatua kuna ya kutupa ujumbe. Kaa mbali nayo. Barua iliyotupwa hapo haiendi pipani, haimrudii mtumaji, wala haiachi alama kwenye sanduku lako.

Tunatumia Outlook. Nina kanuni kama arobaini. Barua moja naikuta kwenye folda mbili, na kanuni nyingine hazifanyi kazi hadi nifike ofisini.
*Karani wa mawakili, Upper Hill*

Outlook si kama Gmail, na vichujio vyake huviita kanuni. Kwenye Gmail kila kichujio kinacholingana hufanya kazi, bila foleni. Kwenye Outlook kanuni hupita moja moja kutoka juu kwenda chini, na barua ikikutana na mbili zinazoihamisha, kila moja huipeleka kwake. Ndipo unapoikuta mara mbili. Dawa ni ile hatua ya kusimamisha kanuni zinazofuata, ambayo uiweke mwisho wa kila kanuni inayohamisha. Kisha panga: mahususi juu, za jumla chini. “Kutoka kwa wakili fulani, mada ina namba ya kesi fulani” itangulie “kutoka kwa wakili fulani”. Ukigeuza, ya jumla inakamata kila kitu na ile ya kesi haifikiwi.

Zinazosubiri ufike ofisini ni kanuni za kompyuta peke yake. Ukiiagiza Outlook kulia sauti, kuchapisha, au kuhamishia barua kwenye faili la .pst la diski yako, seva haiwezi kufanya hayo. Lazima programu iwe wazi. Badilisha folda ya mwisho iwe ya kwenye sanduku la seva.

Na arobaini ni nyingi. Kanuni zote za sanduku moja hugawana nafasi ndogo, KB 256 kwenye Exchange Online (huduma ya barua ya Microsoft), na ikijaa, kanuni mpya hazihifadhiki. Watumaji kumi wanaokwenda folda moja waandike kwenye kanuni moja.

Mteja wetu wa Mombasa anasema ametujibu mara tatu. Hatuoni kitu, hata kwenye taka. Jana akauliza kama ile akaunti mpya ya benki tuliyomtumia ni sahihi. Hatujamtumia akaunti yoyote.
*Msomaji, Ngara*

Weka gazeti chini umpigie sasa hivi, kwa namba uliyokuwa nayo zamani, si iliyo kwenye barua. Asilipe. Kama amelipa, aiarifu benki yake saa hii hii.

Yaelekea mtu ameingia kwenye barua pepe yako na kuandika kichujio. Anapokea nenosiri kwa hila, anaingia, anasoma mazungumzo ya malipo, kisha anaamuru kila barua ya mteja huyo, au yenye neno “invoice”, “payment” au “bank”, ijitie alama ya kusomwa na ihamishwe pembeni. Anamjibu mteja kwa jina lako. Wewe unaona kimya.

Kubadilisha nenosiri peke yake hakuondoi kichujio. Kitaendelea kuficha barua hata mwizi akiwa nje, na kama kinasambaza nakala, ataendelea kusoma. Kwa hiyo, kwa kutumia kifaa unachokiamini:

Badilisha nenosiri, washa uthibitishaji wa hatua mbili, na utoe vifaa vyote vingine vilivyoingia. Kisha, kwenye Gmail, fungua Mipangilio upitie sehemu ya vichujio, ya kusambaza barua na POP/IMAP, na ya akaunti, ambako utaangalia mambo mawili: nani amepewa ruhusa ya kuingia, na anwani ya kujibiwa iliyowekwa kwenye barua unazotuma. Hiyo ya kujibiwa husahaulika sana. Kwenye Outlook tafuta kanuni yenye jina la ajabu, mara nyingi nukta moja tu au herufi mbili, inayohamishia barua kwenye folda ya RSS ambayo hakuna anayeifungua. Hapo ndipo majibu matatu ya mteja wako yanaweza kuwa yamelala. Kwenye Gmail yatafute kwa in:anywhere ikifuatwa na from: na anwani yake, utafutaji huo hupita hata kwenye taka na pipa.

Kabla hujafuta kichujio hicho, kipige picha kikiwa wazi chote, na kanuni na folda ikionekana. Ripoti kwa DCI (idara ya upelelezi wa jinai) na kwa KE-CIRT/CC, kituo cha usalama wa mitandao kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Na kama kwenye sanduku hilo kulikuwa na vitambulisho au taarifa binafsi za wateja, na uvujaji huo unaweza kuwadhuru, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa saa 72 tangu ulipogundua kumwarifu Kamishna wa Data. Saa hizo huenda zilianza kuhesabika siku ile mteja alipouliza.